Begi Langu Nyuma ya Mlango

Kazi ya ukalimani niliipata kwa sababu ya kelele. Nilikuwa na kibanda cha vitenge katika soko la Busia, upande wa Uganda, na asubuhi moja bibi mmoja wa Kikongo alikamata kitenge changu cha bluu, akajishika kichwa kwa mkono wa pili, akaanza kulia: "Unaniua, mama! Unaniua mimi mujane! Watu wa Busia, mukuje muone, huyu mama ananiua!"

Nyuma yake alisimama binti mwembamba mwenye miwani, mzaliwa wa Kampala. Macho yalimtoka. Alimshika bibi begani akamwambia kwa Kiingereza apumue taratibu, avute hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Bibi alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyemsalimia, kisha akarudi kwenye kilio chake.

"Dada," nilimwambia binti, "hakuna anayeuawa. Anataka nipunguze bei."

Nikapunguza. Bibi akanyamaza papo hapo, akakunja kitenge, akaniambia nina roho nzuri ila kitenge chenyewe si kizuri sana.

Binti alikuwa mshauri wa wakimbizi mjini Tororo, yule ambaye mtu humwendea kuzungumza mambo yanapomlemea kichwani na moyoni. Siku hiyo alikuwa amewaleta wanawake wa kikundi chake kununua vitambaa vya kushona. Wengi wao walikuwa Wakongo waliopanga vyumba mjini, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Mkalimani wake alikuwa amepata kazi nyingine Nairobi na kumwacha peke yake na maneno yake machache. Kwetu Uganda Kiswahili kilitufikia kimevaa buti. Kilikuwa lugha ya askari kwenye kizuizi. Mtu anaweza kumaliza chuo kikuu bila kujua kusema "karibu", lakini "toa kitu" anaijua vizuri. Mimi nilizaliwa Kisoko, katika familia ya Wapadhola, ila nilisomeshwa na shangazi yangu ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, na Kiswahili ndilo somo nililokuwa nikiwashinda wenzangu. Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikingoja mtu auone ujuzi huo. Binti aliuona, akaniajiri.

Mama yangu, kule Kisoko, aliposikia nimepata kazi kwa watu wa afya ya akili, alinigusa paji la uso. "Wamekuajiri," aliuliza, "au wamekulaza?"

Kikundi kilikutana Jumanne na Ijumaa katika ukumbi wa kanisa, kando ya barabara inayopitiwa na malori kutoka Malaba. Siku yangu ya kwanza mshauri aliniambia angependa kuwakaribisha watu yeye mwenyewe, kwa Kiswahili. Nilimshauri aniachie mimi. Akakataa, alikuwa amefanya mazoezi. Akasimama mbele ya watu wake, akatabasamu vizuri kabisa, akapaza sauti:

"Nyinyi wote! Kaa chini! Sasa hivi!"

Watu waliduwaa. Mwanamume mmoja mrefu, kinyozi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, alipiga magoti sakafuni na kuweka mikono kichwani. Hakufikiri, mwili ulitangulia. Kisha akaangalia kulia na kushoto, akatuona sote tumekaa kwenye viti, akaliona lile tabasamu la binti lililokuwa limeanza kutetemeka, akatazama viwiko vyake vilivyokuwa hewani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala ubavu kwenye saruji.

"Dokta," alisema, "utaniua mbele ya kuniponya."

Mshauri alilia kwa aibu, wanawake wakamletea chai, na nadhani kikundi kilizaliwa siku hiyo. Tangu hapo kinyozi akichelewa aliingia akipiga saluti.

Jina la "dokta" nalo halikumtoka tena. Alikana kila wiki. Mimi si dokta, alisema, nami nikatafsiri. Ndiyo dokta, walijibu, na wakaendelea kumwonyesha magego yaliyooza, magoti yaliyovimba, na mara moja kuku aliyekataa kutaga.

Ama mimi, nilikuwa nimekuja na Kiswahili changu cha shule kama mtu anayekuja na sahani za kigeni kwenye matanga. Mshauri alipozungumzia mshtuko unaobaki ndani ya mtu baada ya vita, nilitoa neno langu zuri: kiwewe. Nililitamka kwa fahari. Watu wakaangaliana. Yule bibi wa kitenge cha bluu, ambaye kila mtu alimwita Koko kama Wakongo wanavyomwita nyanya, aliinua mkono.

"Huyu Kiwewe ni nani? Anaishi fasi gani?"

Nikaeleza. Koko alisikiliza, akasema kwao mtu huyo anajulikana, ila hawakujua kama ana jina. Baada ya hapo walimsema kama mkwe asiyebisha hodi: Kiwewe alikuja jana, Kiwewe amelala kwangu wiki nzima na hata kuni hakuleta.

Na lile swali la washauri wote duniani, "Unajisikiaje?", nalo lilinitoa jasho. Mara ya kwanza nilipomuuliza Koko nilijaribu kulifanya la Kikongo. "Koko, unasikia nini?"

Koko alitega sikio upande wa barabara. "Ninasikia lori," alisema.

Koko alikuja kila siku ya kikundi na hakusema lolote kuhusu maisha yake. Alisema amekuja kwa ajili ya chai. Wenzake walipozungumza yeye aliwasikiliza, akawashika mikono, akawakemea wakijilaumu, akawatania wakizidi kulia. Zamu yake ikifika alisema, "Mimi niko muzima, pitisha sukari."

Wengine walisema. Walisema mengi, na yote yalipita kinywani mwangu. Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo sikulijua nilipokubali kazi. Kanuni ya ukalimani wa pale ilikuwa kwamba mkalimani asiseme "anasema alimwona". Aseme "nilimwona", kama kwamba ni yeye, ili mshauri na mwenye maneno wazungumze ana kwa ana na mimi nisiwepo. Basi kila Jumanne na Ijumaa nilikuwa mimi niliyekimbia na mtoto mgongoni. Mimi niliyejificha kwenye shamba la mihogo. Mimi niliyerudi na kukuta nyumba haina mlango. Waliyoyasema ni yao na sitayaandika hapa. Jioni nilipanda pikipiki nikarudi Busia, nikapika ugali.

Mambo yalianza polepole. Kwanza nikawa sipendi mlango ulio wazi. Busia ni mji wa milango iliyo wazi. Jirani huingia kuomba chumvi na kutoka na habari zako zote. Mimi nikaanza kufunga mchana kweupe, na kuegemeza kiti. Kisha siku moja tairi la lori lilipasuka kwenye foleni ya mpakani, nikajikuta chini ya meza yangu ya vitenge. Wauzaji wenzangu wakacheka. Nikasema nilikuwa natafuta sindano.

Kisha nikafungasha begi. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu nikiwa nimeinama, naingiza vyeti vya shule vya watoto, picha ya harusi, tochi, na magauni yangu mawili ya kanisani. Nilifunga zipu nikaliweka nyuma ya mlango wa mbele, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikasikia mabega yangu yameshuka.

Mume wangu ni fundi wa pikipiki, Msamia wa Majanji, na maneno kwake ni kama spea halisi: hayatoi mpaka pawe na haja. Aliliona begi jioni ileile. Hakuuliza. Kesho yake alipanda juu ya nyumba na kuziba paa lililokuwa likivuja tangu mtoto wetu wa mwisho akiwa tumboni. Wiki ile alileta sangara mzima, akampara mwenyewe. Jumapili alikwenda kanisani, akaketi mbele, akaimba. Na siku moja, mbele ya sahani ya ugali na sukuma wiki, alisema, "Chakula kitamu."

Nilikuwa nimeishi naye miaka hiyo yote na sikuwahi kusikia maneno hayo kinywani mwake. Nikarudisha tonge sahanini. Moyoni nilijua: ana mwanamke upande wa Kenya. Mwanamume hazibi paa bure.

Kwa hiyo yeye alikuwa akinichunga nisimwache, mimi nikimchunga nijue anakwenda kwa nani, na begi limekaa nyuma ya mlango likitutazama sote wawili.

Haikuchukua muda mama yake akafika kutoka Majanji, na kuku mkononi na furushi la samaki wakavu kichwani. Alinisalimia vizuri, akanywa chai, akawatuma watoto nje, kisha akanisogelea kwenye mkeka.

"Mwanangu, amekupiga?"

"Hapana, mama."

"Analewa?"

"Hapana."

"Basi ni nini? Kama ni kukoroma, baba yake alikoroma zaidi na mimi nikazeeka naye."

"Mama, hakuna kitu."

Aliligeukia begi. "Na lile?"

"Ni la safari."

"Safari ya wapi?"

"Sijui, mama," nilisema, na hilo lilimtisha kuliko jibu lolote. Alikunjua mkeka wake chumba cha watoto akasema atakaa kwetu kidogo.

Ijumaa iliyofuata kinyozi aliketi kwenye kiti cha msemaji. Kilikuwa kiti cha kawaida, ila mshauri alikiwekea mto, akakiweka karibu na dirisha. Kinyozi alizungumza kuhusu ziwa, mtumbwi uliojaa watu, na mdogo wake aliyekuwa ameketi mbele yake. Alizungumza kwa vipande vifupi, macho kwenye mikono yake, nami nikafuata nyuma yake kwa Kiingereza kama kawaida: nilimshika mkono, maji yalikuwa baridi, niliambiwa nisipige kelele.

Niliendelea. Nilikuwa naendelea vizuri, maneno yanakuja yenyewe, mpaka nikaona mshauri ameondoa miwani na ananitazama. Kinyozi naye ananitazama. Ukumbi mzima umeniangalia, na hakuna aliyekuwa akisema isipokuwa mimi.

"Dada," mshauri aliniuliza taratibu, "hiyo ni lugha gani?"

Nilikuwa nazungumza Kidhopadhola. Sijui tangu saa ngapi. Lugha ya mama yangu, ambayo humo ndani hakuna aliyeijua, niliimwaga yote mbele za watu kutoka Bunia na Uvira.

"Mimi nilisema maneno kidogo tu," kinyozi alisema kwa upole. "Yeye amesema mingi."

Ilikuwa kweli. Ziwa lake nililimaliza zamani. Nilikuwa nimefika nyumbani kwangu, kwenye mlango, kwenye watoto wangu ninaowahesabu wakilala.

Koko aliweka kikombe chini. Aliinuka, akamshika kinyozi mkono na kumwondoa kitini kama mtu anayemhamisha mtoto kutoka kwenye kigoda cha mgeni, akaupiga mto vumbi. "Mama," aliniambia, "leo kiti ni yako."

Mshauri alisema kwamba yeye na mimi tungeweza kuzungumza wawili tu, faragha, na nilitafsiri maneno hayo mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuyatafsiri.

"Apana," Koko alisema. "Ya kwetu amesikia yote. Ya kwake na sisi tutasikia."

Mshauri aliniinamia mimi. "Unaweza kukataa," alisema. "Ukitaka tutoke, tutatoka sasa hivi. Ukitaka kukaa, tutakaa. Uamuzi ni wako." Sikuwahi kumwona ametulia vile. Sauti yake ilikuwa sauti ya mtu aliyeshika ngazi ili mwenzake ashuke. Nikasema nitakaa.

Sasa pakazuka tatizo. Ningezungumza Kiswahili ili wote waelewe, lakini nani atamtafsiria dokta? Kinyozi alijitolea. Kiingereza alikuwa amekiokota kwa wateja wake, kichwa kimoja baada ya kingine, na alikuwa akingoja siku yake kama mimi nilivyongoja yangu.

Nikaanza. Nilieleza habari ya mlango, kiti, na lori lililopasuka tairi. Nilieleza kwamba nikiosha vyombo naona mikono yangu kama mikono ya mtu mwingine. Nilizungumza mpaka koo likakauka. Kinyozi alisikiliza akitikisa kichwa kwa uzito, kisha akamgeukia mshauri, akajikohoza, akatafsiri:

"Amechoka."

Mshauri alingoja. "Ni hayo tu?"

Kinyozi alifikiri. "Amechoka sana."

Nilicheka bila kupenda, na kicheko kilipopita nikaweza kusema lile nililokuwa nimelificha. Nikawaambia habari za begi.

Ungeona watu walivyokaa wima. Nilikuwa nimetaja begi mbele ya mabingwa. Kila mmoja pale aliwahi kufungasha kwa haraka, na kila mmoja alikuwa na maoni.

"Umeweka nini ndani?" mwanamke mmoja aliuliza.

Nikawaambia.

"Sufuria?"

"Hapana."

"Chumvi? Kiberiti?"

"Nimeweka tochi."

"Ina mawe?" kinyozi aliuliza, akimaanisha betri. Sikuwa na hakika.

"Dawa? Kandambili?"

"Nimeweka magauni yangu ya kanisani," nilisema.

Kicheko kilichopasuka hapo kilimfanya mlinzi wa kanisa achungulie dirishani. Koko alifuta macho kwa ncha ya kile kitenge cha bluu. "Atakimbia vita na gauni ya kanisa," alisema. "Na picha ya bibi harusi. Adui atamuona, atasema, pita mama, utachelewa kwa misa." Kisha akanisogelea mpaka magoti yetu yakagusana, na sauti yake ikashuka. "Na unakimbilia fasi gani, binti yangu? Mpaka ndio huu. Upande ule kuna shangazi yako. Nani anakufukuza?"

Nilijaribu kusema hakuna. Badala yake nikalia. Nililia kwa ajili ya mdogo wa kinyozi, ambaye sikuwahi kumwona, na kinyozi mwenyewe alinishika kichwa kwa kiganja kipana, kama anavyoshika kichwa cha mteja asiyetulia. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mshauri alizungumza baadaye, kidogo kidogo, akiniachia nafasi ya kumtafsiri, kwa sababu wakati huo kinyozi naye alikuwa hawezi. Alisema si wazimu. Alisema mtu anayesema "mimi" kwa niaba ya wengine siku nyingi, mwili wake unaweza kusahau kwamba ni kazi. Alisema hilo linajulikana, lina msaada, na kwamba tangu sasa hakuna mkalimani wake atakayerudi nyumbani bila kuulizwa anarudi na nini.

Akatimiza. Nilipumzishwa. Alinitafutia mshauri mwingine huko Mbale, mzee mpole aliyependa kunyamaza, ambaye mwanzoni nilidhani amesinzia. Niliporudi kazini nilirudi kwa siku moja tu kwa wiki, na tukakubaliana nitakuwa nikisema "anasema". Anasema alimshika mkono. Anasema maji yalikuwa baridi. Herufi chache tu, lakini nilizishika kama mtu anavyoshika kamba ya daraja. Jumanne ilichukuliwa na kijana kutoka upande wa Kenya, mwenye Sheng nyingi, na nasikia Koko alidai aletewe mkalimani wa kumtafsiri mkalimani.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumapili ya wiki ileile, Koko na kinyozi walikuja Busia kunitazama. Kwao mgonjwa hutembelewa. Mume wangu aliwapokea uani, akawapa viti, akasimama akipangusa mikono isiyo na grisi. Mama mkwe aliwatazama kutoka jikoni. Nilikuwa bado sijamweleza mtu yeyote nyumbani chochote. Nilikuwa sijui pa kuanzia.

"Mama," mume wangu alimwuliza Koko, mtu ambaye ndiyo kwanza amemwona, "anaondoka?"

Koko alimwangalia juu mpaka chini, akaelewa. "Aende fasi gani?" alisema. "Begi yake hata sufuria haina."

Kinyozi ndiye aliyemweleza mengine, wameinama wawili juu ya injini ya pikipiki. Sikusikia alivyosema. Labda alisema tu nimechoka. Nilimwona mume wangu amekaa chini kwenye tairi kuukuu, akaficha uso, mabega yakitikisika, na nilipomkaribia nikaona anacheka na machozi yanamtoka pamoja.

"Mimi nilidhani ni mimi," alisema.

"Na mimi nilidhani ni mwanamke wa upande wa Kenya."

"Mwanamke gani?"

"Uliziba paa!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Ilimchukua muda kuelewa jinsi wema wake ulivyokuwa umeniogopesha. Kisha akaenda kumweleza mama yake kwa Kisamia, na mama mkwe akatamka jambo fupi ambalo sitalitafsiri.

Nilikuwa naelekea mlangoni kulifungua begi Koko aliponivuta kando. "Usifungue haraka," alininong'oneza. "Mlango wa choo yenu umelegea. Acha atengeneze kwanza."

Mlango wa choo ulitengenezwa Jumatano.

Mama mkwe hakurudi Majanji mpaka aliponiona nimelala mchana na mlango umefunguliwa wazi. Alipoondoka aliacha maneno kwamba yule bibi wa Kikongo aje kwake ale samaki. Nikampeleka, wakati kazi ilikuwa imeanza tena kunikaa vizuri. Mume wangu alitubeba sote wawili kwa pikipiki, Koko katikati akimpigia kelele apunguze mwendo, kisha aongeze.

Kiswahili cha mama mkwe ni cha kuuzia samaki: bei gani, kubwa, ndogo, ongeza, ondoka. Kisamia cha Koko hakipo kabisa. Waliketi nyuma ya nyumba, beseni la samaki katikati, visu mikononi, na mimi nikachuchumaa kati yao nikaanza kazi yangu. "Koko anasema..."

"Nani amekuandika kazi leo?" Koko aliuliza. "Enda uoshe masahani."

Nikaenda kuosha sahani, hatua chache tu kutoka pale. Na hapo, bila mto wala dirisha, Koko alianza kusema yake. Alimwambia mama mkwe, ambaye hakuwa akielewa ila neno moja moja, aliyekuwa akipara magamba na kuitikia, "Eee. Eee." Alisema yote. Mimi niliyasikia kwa sababu nilikuwa na masikio, na hapakuwa na mtu wa kumpelekea, basi yakaishia hapo. Hakulia. Alipomaliza, mama mkwe aliweka kisu chini, akazungumza kwa Kisamia, taratibu, macho kwenye ziwa. Alimzungumzia mwanawe wa kwanza, kaka wa mume wangu, aliyezama. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumsikia akimtaja. Koko aliitikia, "Eee, mama. Eee." Nikaosha sahani ileile mara nyingi.

Nzi walikuwa wengi. Koko alichukua samaki mmoja kutoka kwenye beseni, akamgeuza huku na huku, akasema kwamba huyu ni mdogo, kwao kwenye Ziwa Tanganyika samaki kama huyu ni wa kumrudishia mamake.

Neno "ndogo", kama nilivyosema, mama mkwe alilijua. Alisimama. Akaweka mikono kiunoni na kumwita mume wangu aje amwambie huyu mgeni samaki wa Majanji wakoje, na mume wangu akaniangalia mimi, na mimi nikaonyesha kwamba mikono yangu ina sabuni. Walibishana, kila mmoja kwa lugha yake, mpaka mafuta yalipochemka kwenye karai. Koko alikula wawili, akaomba wa tatu.